Tonge la Mzee Gaspar

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
10 Julai, 1994.

Mpendwa Baba Mdogo Albano,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo Eufrazia na watoto, na kwamba ile homa uliyotuandikia mwezi wa tano imekwisha kabisa. Mvua huko Mueda zilikuwaje? Mihogo imestawi? Ule mkorosho wa nyuma ya nyumba bado upo? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu Bibi amekaa ubavuni mwangu, na kila nikimaliza swali moja ananitajia jingine.

Sisi huku hatujambo. Baba anachonga, ingawa mpingo siku hizi unatafutwa kwa tochi. Mama anasumbuliwa kidogo na mgongo. Mimi niko kidato cha tatu, na mitihani ya katikati ya mwaka nimefaulu, ila hesabu ndiyo hivyo tena.

Najibu barua yako uliyomwandikia Baba, ile unayosema utavuka Ruvuma mwezi wa nane uje kumchukua Bibi arudi kwenu. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akanipa mimi. Akasema, "Mjibu wewe. Wewe ndiye uliyesababisha." Nilidhani ananigombeza, kumbe alikuwa anacheka. Basi nakuomba ukae chini, Baba Mdogo. Nina habari ya furaha, nayo ni ndefu.

Kwanza nikueleze kwa nini Bibi alitaka kuondoka. Wewe uliandikiwa tu kwamba amechoka na mji. Haikuwa hivyo, na naona ni haki yako kujua, maana ni mama yako.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Mzee Gaspar, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watakatifu Petro na Paulo. Yeye ni mtu wa bara, si wa kwetu kusini. Lakini kwa miaka kumi, kila Jumamosi baada ya sala ya jumuiya, alikuwa anapitia hapa, anavua viatu, anakaa mkekani, na kula ugali wa muhogo na kisamvu kwenye sinia moja na sisi.

Kula na Bibi unakujua mwenyewe. Lile tundu la ndonya, kipini cha urembo cha wasichana wa kwetu, kwenye mdomo wake wa juu, alilotobolewa akiwa msichana, hupitisha mchuzi asipolibana kwa kidole. Watu wengi wa mjini wanamwangalia, halafu wanageuza macho haraka, na huko kugeuza macho ndiko kunakomuumiza. Ndiyo maana mbele ya wageni Bibi hujifunika mdomo kwa kanga na kula pembeni. Mzee Gaspar hakuwahi kugeuza macho. Alikuwa anamtania: "Mama Marietha, leo kisamvu umenipunja, chote umelipa tundu lako." Na Bibi anamjibu, "Tundu langu lina adabu kuliko tumbo lako." Wanacheka mpaka ugali unapoa.

Sasa, mwaka jana kiwanda alikokuwa msimamizi kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Tangu hapo alikuwa anangoja parokia impe kazi ya kutunza stoo. Nakuandikia hili ili usimwone mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu.

Jumatatu ya Pasaka jumuiya ilikula nyumbani kwake. Alikuwa amealika wakubwa wa halmashauri ya walei kutoka parokiani. Walichelewa, basi sisi tukaanza. Mkekani tulikuwa Bibi, Baba, mimi, mafundi vinyago wanne wenzake Baba, na Mzee Gaspar mwenyewe. Alikwisha nawa. Alikwisha kata tonge na kuliviringa. Gari likapiga honi nje.

Baba Mdogo, niliona kwa macho yangu. Alilirudisha lile tonge ukingoni mwa sinia, akafuta vidole kwa leso, akaenda kuwapokea wageni kwenye meza yenye kitambaa. Mama Jovina, anayesimamia mapishi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Wamawia wasogee kule jikoni, wageni wapite," kwa lile jina wanalotudharau nalo sisi wa ng'ambo ya Ruvuma. Mzee Gaspar alisikia, akanyamaza. Halafu katibu wa halmashauri, Bwana Audax, mtu mrefu mwenye tai, akatuangalia na kuuliza, "Wale nao ni wa jumuiya?" Mzee Gaspar akasema, "Aa, majirani tu. Mafundi vinyago."

Majirani tu! Na Bibi alibatizwa huko kwetu kabla Mzee Gaspar hajaota meno.

Lakini sitamsema yeye peke yake. Baba aliitwa kusalimia wageni, akainuka. Mimi nikamfuata Baba. Nikapewa soda, nikainywa yote. Tulipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu, na lile tonge lilikuwa bado pale ukingoni, limeanza kukauka.

Tangu siku hiyo Bibi hakukanyaga tena jumuiya, wala Mzee Gaspar hakukanyaga tena kwetu. Jumamosi zikawa ndefu. Bibi akamwambia Baba, "Mwandikie Albano. Vita vimekwisha kwetu. Nataka nikafie mahali ambapo mdomo wangu si kioja." Ndipo ikaandikwa ile barua uliyoipata. Bibi akaanza kufunga vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, kimoja kimoja, kila siku kimoja. Mimi nilikuwa nikitoka shuleni nautazama ule mfuko kwanza, kabla sijamwamkia mtu.

Mwezi wa sita Katekista Cyprian alinijia. Sikukuu ya watakatifu wasimamizi wetu Petro na Paulo ilikuwa inakaribia, na kila mwaka mtu mmoja huandika mafundisho mafupi ya kusomwa kabla ya chakula. Akaniambia, "Adelina, wewe ni mtu wa vitabu. Tuandikie habari za wazee hawa wawili." Nikamwambia nitaandika, ila sitasoma. Unajua mimi mbele za watu siwezi. Hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, linanitoka lote. Katekista akakubali kunisomea.

Nikaazima kwa Sista anayetufundisha dini kitabu kikuukuu cha maelezo ya maandiko. Nilidhani nitakuta habari za minyororo na funguo na upanga, kama zilivyo kwenye picha zao. Badala yake nikakuta ugomvi. Nikakuta kwamba Mtume Petro, akiwa Antiokia, alikuwa anakula na Wakristo wa mataifa, watu wasio Wayahudi. Halafu wakaja wageni kutoka Yerusalemu, watu wakubwa, naye akaogopa, akajitenga na meza ile. Na wengine wakamfuata, hata Barnaba, mtu mwema. Na Paulo akamwambia makosa yake palepale mbele za watu.

Nilifunga kitabu. Nikakifungua tena nione kama nimesoma vizuri. Nikamwona Mzee Gaspar na leso yake. Nikamwona na Barnaba, anakunywa soda.

Niliandika kurasa nane kwenye daftari langu la bluu. Niliandika kwamba Wayahudi hawakuwa watu wabaya, na kwamba Petro na Paulo wenyewe walikuwa Wayahudi, na Bwana Yesu pia. Walikuwa wanatunza sheria waliyopewa na Mungu, juu ya vyakula na juu ya alama ya tohara mwilini. Kosa halikuwa kuwa na alama. Kosa lilikuwa kumwambia mwenzako kwamba bila alama kama yangu, au kwa sababu ya alama uliyo nayo wewe, huketi hapa. Niliandika kwamba Paulo aliwaandikia Wakristo wa Efeso kuwa Kristo kwa mwili wake mwenyewe amelibomoa lililowatenga hao wawili, wa karibu na wa mbali, akawafanya watu wa nyumba moja. Myahudi hakuambiwa aache Uyahudi wake aingie, na mtu wa mataifa hakuambiwa kwanza awe Myahudi. Mlango ni mmoja, na kila mtu anaingia na uso wake.

Hayo niliyatoa kitabuni. Ila nilipofika Antiokia, kalamu ikaenda yenyewe. Kitabu hakikusema Petro alikuwa anakula nini, basi mimi nikaandika kwamba alikwisha nawa mikono, na tonge alikwisha liviringa, na aliposikia wageni mlangoni akalirudisha ukingoni mwa sinia. Naapa sikukusudia kumchoma mtu. Au labda nilikusudia kidogo. Bado najiuliza.

Jumapili iliyopita, tarehe tatu, ndiyo ilikuwa sikukuu. Bibi alibaki nyumbani, anabangua korosho. Mfuko wake wa rambo ulikuwa umejaa mpaka juu.

Kwa Mzee Gaspar watu walijaa uani. Meza yenye kitambaa ilikuwa pale, na wakubwa wa parokia walikuwa pale, na Bwana Audax na tai yake. Wakati wa mafundisho Katekista akasimama, akafungua kinywa, sauti haikutoka. Alikuwa ameimba Misa mbili siku hiyo, koo limemkauka. Akakohoa, akacheka, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Alimpa Mzee Gaspar daftari langu.

Hapa kwetu kila mtu anajua Mzee Gaspar husoma kama mtangazaji wa redio, na anajivunia kwamba hapitii kitu kabla ya kukisoma. Huwa anasema, "Mie nikishavaa miwani, maneno yanajileta." Akavaa miwani. Nilitaka kukimbia, lakini nilikuwa nimebanwa kati ya sufuria la pilau na Mama Jovina.

Akaanza vizuri sana. Kwenye habari za Petro mvuvi akaongeza hata madoido ya sauti, watu wakacheka. Akafika Antiokia. Akasoma kwamba Petro alikuwa rafiki wa watu wa mataifa na alizoea kula kwao. Akasoma kwamba alikwisha nawa. Akasoma, "Na tonge alikwisha liviringa..." Hapo sauti ikapungua. Akarudia mstari polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "...na aliposikia wageni mlangoni, akalirudisha ukingoni mwa sinia."

Wote waliokuwapo siku ya Pasaka walielewa. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilidhani Mzee Gaspar atafunga daftari, au atanitafuta kwa macho na kunifukuza uani. Hakufunga. Baba Mdogo, alisoma mpaka mwisho, kurasa zote zilizobaki. Alipofika kwenye maneno ya watu wa nyumba moja alivua miwani, akasema la mwisho bila kutazama daftari.

Akauliza, "Nani kaandika hii?"

Baba akasimama. "Mwanangu Adelina."

"Fransis," akasema, "mwanao kaniua mchana kweupe."

"Hata mie kaniua, mzee," Baba akajibu. "Tulikuwa wote."

Mzee Gaspar akamgeukia Bwana Audax. Akasema, "Katibu, siku ya Pasaka uliniuliza wale kina nani, nikakwambia majirani tu. Nilikudanganya. Yule mama ndiye aliyenilisha siku nilizopunguzwa kazi. Kama hiyo stoo yenu inataka mtu wa kumkana mama yake, mtafuteni mwingine." Halafu akachukua sinia la pilau kutoka juu ya meza yenye kitambaa, lile la wageni, na nyama zote juu yake, akalibeba kwa mikono miwili, akatoka nalo getini.

Kisha Katekista, ambaye sauti ilikuwa imemkauka, akaanzisha wimbo kwa sauti hiyohiyo mbovu, na jumuiya nzima ikatoka nyuma ya sinia. Jirani yetu Bi Mwanabaraka alikuwa barazani kwake anakaanga vitumbua. Akapaza sauti, "Jamani, mnamwoza nani leo?" Fundi mmoja akamjibu, "Tunampeleka Gaspar kwao!" Naye, ambaye hata si Mkristo, akaacha kikaango akapiga vigelegele vya kuchana masikio.

Tulifika kwetu. Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa.

"Hodi, Mama Marietha," akaita Mzee Gaspar.

Halafu Bibi, kutoka ndani: "Hodi ya nani? Hapa wanakaa majirani tu."

Watu wakaguna. Mzee Gaspar akasema, "Hodi ya mpumbavu, mama."

"Wapumbavu mtaani humu wako wengi. Taja jina."

"Gaspar."

"Gaspar wa mezani au Gaspar wa mkekani?"

"Wa mkekani, mama."

"Basi vua viatu."

Akavua. Na sinia mikononi! Akavivua kwa kukanyaga visigino, akayumba, Baba akamdaka, na wote tukaanza kucheka huku machozi yanatutoka. Bibi akafungua mlango. Alikuwa amejifunika kanga mdomoni kama kawaida yake. Mzee Gaspar akaweka sinia mkekani, akachukua birika la maji na beseni, akapiga magoti, akamnawisha Bibi mikono, yeye kwanza. Kisha akanawa mwenyewe, akakata tonge la pilau, akaliviringa, akaliinua juu wote tulione, akalila.

Bibi akamtazama alivyotafuna mpaka akameza. Halafu akashusha kanga.

Baba Mdogo, sijapata kumwona Bibi bila kanga mdomoni mbele ya watu wengi hivyo. Alikula. Punje mbili za wali zilitoka kwenye tundu, akazirudisha kwa kidole taratibu, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuza macho. Bwana Audax alikuwa bado amesimama, hajui akae wapi. Bibi akamwambia, "Na wewe baba mwenye tai, tai itupie begani, itakunywa mchuzi wangu." Akakaa mkekani. Baadaye akamuuliza Bibi kwa heshima habari za lile tundu. Bibi akasema, "Hili? Hili ndilo lililonipamba siku ya harusi yangu. Nilikuwa mzuri, baba, wanaume walijikwaa." Watu hawana mbavu.

Mama Jovina alibaki amesimama mlangoni, hatoki wala haingii. Bibi akamwita, "Mama Jovina! Uliniambia nisogee jikoni. Jikoni kwangu ni hapa. Mbona huingii?" Mama Jovina akajifunika uso kwa viganja. Kisha akaingia, akachukua mwiko kwa Mama, akaanza kupakua. Bado wananuniana kidogo ninavyokuandikia, sitakuficha, lakini juzi alimletea Bibi dagaa.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Katika masomo yangu huwa nadhani mambo ya mitume yamekwisha zamani, yako vitabuni, yanangoja mtihani. Sasa najua hayakwisha. Bibi hakuambiwa afute zile chale alizochanjwa usoni akiwa msichana wala azibe tundu lake. Aliingia na uso wake, au niseme sisi tuliingia kwake na nyuso zetu. Na Petro, nimemsamehe, kwa sababu yeye na Paulo waliogombana wanawekwa kwenye sikukuu moja mpaka leo, na sisi tumekula pilau ya wote wawili.

Mzee Gaspar amerejea Jumamosi zake. Kazi ya stoo amepewa. Bwana Audax alimwambia kwamba mtu anayesoma makosa yake mwenyewe kwa sauti mpaka mwisho hawezi kuiba unga. Na mimi, Baba Mdogo, nimeombwa nisome somo kanisani mwezi ujao, kwa sauti yangu mwenyewe. Nimekubali.

Jumatatu nilirudi shuleni nikautafuta ule mfuko wa rambo. Sikuuona. Nikaogopa. Kumbe Bibi amevitoa vitu vyote, na mfuko ameutia korosho za kumuuzia Bi Mwanabaraka.

Kwa hiyo Baba ananiagiza nikwambie: usije kumchukua Bibi. Anasema mwakani, mipaka ikitulia zaidi, Bibi atakuja mwenyewe kuyaona makaburi ya wazee na kukaa nanyi msimu mmoja. Lakini atakuja kama mtu anayetembea, si kama mtu anayekimbia, kisha atarudi hapa nyumbani kwake.

Barua hii anaileta Ndugu Faraji, mfanyabiashara wa mtaani kwetu anayekwenda Newala. Atawapa watu wa kuivusha.

Nisalimie Mama Mdogo Eufrazia, mwambie mkufu wa shanga bado nauvaa. Nisalimie watoto wote kwa majina yao, na wazee wote wanaomkumbuka Bibi. Baba na Mama wanakusalimu sana. Mzee Gaspar naye anakusalimu, ingawa hajawahi kukuona. Anasema ni kaka yako. Mungu aliyewakutanisha wa mbali na wa karibu awalinde ninyi mlio ng'ambo ya mto, na atukutanishe nasi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuombea,

Adelina Fransis

N.B. Nilipomsomea Bibi barua hii alisema kuna jambo nimekosea. Anasema nisikwambie usije. Njoo mwezi wa nane kama ulivyopanga, usilete mfuko wa kubebea mtu. Nimemuuliza basi uje na nini. Amesema, "Mwambie Albano aje na njaa."